Kipini cha Kasuku

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, na nitakwambia mapema ili tusije tukakosana: sina subira. Watu wanadhani mtu anayekaa nusu siku akichonga gego moja ana moyo mtulivu. Wapi! Subira yote naimalizia kwenye meno. Wanangu na wajukuu zangu nimewabakishia makelele.

Karakana yangu iko nyuma ya kliniki ya meno, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kuna meza, taa ya shingo ndefu, mashine ya kusagia inayopiga kelele kama nyigu ndani ya chupa, na vumbi jeupe ambalo limeingia hata kwenye redio. Ukutani kuna rafu tatu ndefu. Hizo si za wateja, ni za familia.

Kwetu, siku yako ya kuzaliwa ikifika, kabla ya keki na kabla ya zawadi, unakuja karakana unakaa kwenye kiti, nakuchukua alama ya meno. Nakoroga unga wa rangi ya waridi na maji mpaka uwe uji mzito, naujaza kwenye kijisinia, nakibandika kwenye meno yako, tunangoja dakika tatu. Nikikitoa, uji umeshakaza kama mpira na kila jino limeacha shimo lake. Hapo namimina plasta. Ikikauka unapata meno yako meupe, ya juu na ya chini, na kwenye kitako nakwangua nani na umri gani. Watu wengine wana picha za ukutani. Sisi tuna meno.

Rafu ya katikati yote ni ya mjukuu wangu wa kwanza, ambaye tunamwita Kasuku kwa sababu tangu alipojifunza kusema hajanyamaza. Pale utamwona ana miaka mitatu na vijino kama punje za mchele. Utamwona ana saba, mbele kweupe, mlango wazi. Kumi na mbili, meno makubwa kuliko uso. Kumi na tano, safu imetulia, nzuri mpaka Daktari wa kliniki aliwahi kuniomba awaonyeshe wanafunzi wake. Nilimnyima. Mali ya familia haiazimwi.

Sasa basi. Jumatatu ile Kasuku alikuwa anatimiza miaka kumi na sita, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo alikuwa na jambo kubwa kuliko kuzaliwa. Bendi ya vijana ya mji ilikuwa inatafuta wapigaji watatu wa tarumbeta. Watatu tu, na walioandikisha majina walikuwa arobaini na mmoja. Huyu mtoto amepuliza tarumbeta tangu ana miaka kumi. Ameipuliza chooni, ameipuliza uani, ameipuliza mpaka jirani akahamisha kitanda chumba kingine. Hakuwahi kutaka kitu kingine duniani. Ndiyo maana niliona ajabu aliporudi kutoka shule ya bweni, baada ya miezi minne, akiwa amefyata ulimi.

"Shikamoo Bibi," akasema mlangoni, na baada ya hapo kimya. Ukimwuliza swali, "mm." Ukimwuliza la pili, anatikisa kichwa. Na hiyo "shikamoo" yenyewe ilitoka imelala upande, kama mtu mwenye pipi mdomoni.

"Huyu ana nini?" nikamwuliza mama yake, ambaye ni binti yangu, karani wa posta, mtu mpole hadi anakera.

"Ndio ukubwa huo, mama. Wasichana wakifika umri huu wanakuwa na siri zao."

"Siri gani inayomfanya mtu ashindwe kusema shikamoo?"

Nikatega sikio uani alipokuwa anafanya mazoezi. Kuna kipande kigumu ambacho wote wangepimwa nacho, sauti fupifupi za haraka, ta-ka-ta-ka-ta-ka, na kila moja hukatwa na ncha ya ulimi. Kabla hajaenda shule alikuwa anakimwaga kama maharage kwenye bati. Sasa alikuwa anajikwaa. Ta-ka-ta... pff. Ta-ka... pff. Moyo ukaniuma, lakini nikajisemea labda ni woga wa Jumamosi.

Jumatatu asubuhi akaja karakana akiburuta miguu.

"Bibi, mwaka huu tuchukue ya juu tu."

"Kwa nini? Ya chini umeiuza?"

"Nasikia kichefuchefu."

"Umeumezea mate uji huu tangu una miaka mitatu, leo ndiyo unasikia kichefuchefu? Kaa hapo."

Akakaa. Ya juu tukaichukua vizuri. Ya chini, nikamwambia kama ninavyomwambia kila mwaka: inua ulimi, uguse juu. Akauinua kidogo sana, macho ameyafumba, mikono imeshika kiti kama yuko juu ya paa. Mimi nilikuwa nasikiliza redio, sikuangalia. Nikabandika kijisinia, nikahesabu dakika tatu, nikavuta.

"Aaah!" akalia.

Nikageuza kijisinia kwenye taa. Kwenye ule uji wa waridi, hapo ulimi unapokaa, kulikuwa na kigololi cha chuma kinang'aa, kidogo kama punje ya pilipili manga.

Na unajua mimi mjinga nilidhani nini? Nilidhani ni changu! Nikafikiri kimeanguka kutoka kwenye mashine ya kusagia, kikaingia kwenye unga, nikakitia kinywani mwa mtoto wa watu. Nikaanza kujilaumu kwa sauti. "Toba! Miaka arobaini ya kazi, leo namlisha mjukuu wangu vyuma!" Nikainama chini ya meza, nikaifungua mashine, nikaihesabu chuma kwa chuma. Haikupungua kitu. Nikainuka nikamtazama Kasuku. Amefumba mdomo, mashavu yamejaa, machozi yanamlengalenga.

"Fungua."

Akakataa kwa kichwa.

"Kasuku. Fungua kabla sijakufungua mimi."

Akafungua. Katikati ya ulimi kulikuwa na kigololi kingine, na kijiti cha chuma kinaanza kuteleza kutoka kwenye tundu lake kwa kuwa cha chini kilichokizuia kilikuwa mkononi mwangu.

"Usimeze! Tema! Tema hapa!"

Akatema kwenye kiganja changu. Kipini. Mjukuu wangu, mwenye meno ambayo Daktari aliyaomba nikamnyima, alikuwa ametoboa ulimi.

Hapo ungetarajia nimrukie, na kweli nilishavuta pumzi. Lakini ule uji wa waridi ukikaa hewani unasinyaa, na ukisinyaa alama imeharibika. Nikamnyooshea kidole: "Plasta kwanza. Hasira baadaye." Nikakoroga plasta, nikamimina, nikagonga kijisinia mezani kutoa mapovu. Nilipomaliza nikanawa, nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

"Haya. Tuna dakika arobaini na tano. Anza."

Akaanza, na mara ulimi ulipokuwa huru, Kasuku wangu akarudi, maneno yakamwagika. Kumbe walitoboa watatu, siku ya kutembelea mji, kwa muuza hereni mmoja wa pembeni mwa barabara, mwenye sindano moja na kitambaa kimoja. Wiki ya kwanza ulimi ulivimba ukajaa mdomo, akawa anakunywa maziwa kwa mrija na kumwambia matroni ana mafindofindo. Usiku wa pili alishindwa kumeza hata mate, akakaa kitini mpaka asubuhi akiogopa atakosa hewa. Nilipomsikia anasema hivyo hasira zote ziliniishia miguuni. Mtoto wangu amekaa peke yake anahesabu pumzi, na mimi huku nalala fofofo.

"Sasa kwa nini, mama yangu? Urembo?"

"Urembo kidogo," akasema. Halafu akainamisha kichwa. "Na tarumbeta."

"Tarumbeta inaingiaje hapa?"

"Wakimbiaji si wanafungwa vyuma miguuni wakati wa mazoezi? Wakivivua wanapaa. Nikaona nikiufanyisha ulimi mazoezi na uzito miezi minne, halafu Jumamosi niutoe..." Akapiga vidole. "Ta-ka-ta-ka-ta-ka. Nitawaacha wote."

Nikamtazama. Nikatazama kile kipini mezani, kitu ambacho hata chungu angekibeba bila kutoa jasho. Nilitaka kufoka, haki ya Mungu nilitaka. Kilichotoka ni kicheko. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akaanza kununa, halafu akashindwa, akacheka na yeye, na machozi yake yakiwa bado mashavuni.

"Na umeona unapaa?"

"Hapana, Bibi," akasema taratibu. "Naona kama ulimi umesahau njia. Na nikikaa tu najikuta nakichezea, nakigonga kwenye meno. Tik, tik, tik. Hata darasani. Siwezi kuacha."

Kicheko kikanikauka. Hilo la tik tik sikulipenda.

Plasta ilipokaza nikaitoa, nikaisafisha kwa brashi, nikaiweka mezani chini ya taa. Nikapanda kwenye kigoda nikashusha ya mwaka jana, nikaiweka kando yake. Nikamshika kidole cha shahada nikakipitisha nyuma ya meno mawili ya mbele ya chini, kwanza ya mwaka jana. Ufizi umepanda vizuri, umekumbatia jino. Nikakihamishia ya mwaka huu. Kidole kikashuka. Kikashuka tena. Pale ufizi ulipokuwa, sasa palikuwa na jino refu, na chini yake mwanzo wa mzizi.

"Hapo ndipo kigololi kilipokuwa kinagonga," nikasema.

Akakipitisha mwenyewe mara ya pili na ya tatu. Halafu akaona lingine kabla sijamwonyesha: gego dogo la kushoto, pembe yake imemeguka.

"Hili niliuma kipini nikila," akanong'ona. "Nilidhani ni kipande cha mfupa wa kuku. Nikakitema." Akainua uso. "Bibi, utarudi? Ufizi utarudi?"

Mimi nasema uongo kwa wateja kila siku, namwambia mzee meno mapya yanamfanya kijana. Kwake nilishindwa.

"Huo hauoti tena. Ulipofika ndipo ulipo. Kazi yetu sasa ni kuuzuia usishuke zaidi, maana ukiendelea yale mawili ya mbele yatalegea, na tarumbeta inaegemea meno. Bila hayo utapuliza filimbi ya kuongozea magari."

Akalia basi, kilio cha kweli, kichwa mezani kati ya miaka kumi na tano na miaka kumi na sita. Alikuwa anasema Jumamosi, Jumamosi, na kwamba ameyaharibu mwenyewe, na kwamba hakuna mtu mjinga kama yeye.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu aliye hai. Nikaingiza dole gumba mdomoni, nikasukuma, nikatoa pleti yangu nikaiweka mezani. Pleti ndogo ya waridi yenye jino moja la mbele.

Kasuku akatumbua macho. Akanitazama pengo, akatazama pleti, akanitazama tena. "Bibi! Kumbe ndiyo maana meno yako hayapo kwenye rafu!"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," nikasema, na huku pengo linanipigia mluzi kwenye kila neno. "Kulikuwa na kijana. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi si msichana wa mchezo, nikafungua soda kwa meno. Soda ilifunguka."

"Na kijana?"

"Aliondoka na mwenzangu aliyetumia kifungulio."

Alicheka huku kamasi zinamtoka. Nikamweleza yaliyobaki: fundi mzee aliyenitengenezea jino la kwanza alinikuta kila siku nimesimama dirishani kwake natazama, mwisho akanipa kigoda na faili, ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. "Marehemu babu yako alizikwa akijua meno yangu yote ni ya Mungu. Mama yako hajui. Na wewe ukisema, nitakung'oa yote nikuuzie."

Kumpa Kasuku siri ni kama kuitangaza redioni, hilo nililijua. Lakini siku hiyo nilitaka atoke pale akijua hayuko peke yake kwenye orodha ya wajinga.

Kesho yake nikamwingiza kwa Daktari, kijana niliyemwona anaanza kazi, ambaye kila kitu kwake ni "taratibu". Akatazama ulimi kwa kioo na taa, akabonyeza, akanusa, akasema una bahati, hakuna usaha, tundu litajifunga lenyewe. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Tarumbeta asiiguse siku mbili. Gego akaliziba. Nyuma ya yale meno mawili akasafisha, akasema atayaangalia kila baada ya miezi mitatu. Kisha akamtuma kupima damu, kwa sababu ya ile sindano moja ya watu wengi. Mama yake aliposikia hilo la damu ndipo upole ulipomwisha. Alimfokea mpaka mimi nikawa wa kuamua ugomvi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Siku tatu za kungoja majibu sikuchonga jino la maana. Mteja mmoja nilimpa la rangi ya chai. Ijumaa mchana Kasuku akaingia karakana anakimbia, karatasi juu: "Safi! Bibi, damu safi!" Nikamkumbatia na vumbi langu lote, tukatoka weupe kama waokaji. Halafu nikaziba masikio, maana alikuwa ameshaichukua tarumbeta.

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusuasua, na mbele kwenye meza alikaa mwalimu wa bendi, mwanamume mrefu wa miwani asiyecheka. Kasuku alikuwa wa thelathini na nane. Waliotangulia wengine walikuwa hatari, nisiseme uongo. Kuna mvulana alipiga kile kipande kama cherehani.

Akaitwa. Akapanda. Akaweka tarumbeta mdomoni, nikamwona anapitisha ulimi nyuma ya meno ya chini, pale penye upungufu, kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni. Akaanza.

Ta-ka-ta-ka... pff.

Akasimama. Mama yake akanishika mkono akaukamua. Mwalimu wa bendi akavua miwani.

"Naomba nianze tena," Kasuku akasema. Kwa sauti safi, kila herufi mahali pake. "Ulimi wangu ulikuwa mgonjwa, kosa langu mwenyewe. Naomba nianze taratibu, halafu niongeze kasi."

Mwalimu akavaa tena miwani. "Anza unavyoweza."

Akaanza taratibu. Kila sauti ikatoka imeviringika, imekamilika, hadi nikasikia vitu kwenye kile kipande ambavyo wale wa haraka walivipita mbio. Kisha akaongeza. Akaongeza tena. Alipofika mwisho hakuwa na kasi ya yule wa cherehani, lakini hakuna sauti moja iliyoanguka chini, na ya mwisho aliishikilia ndefu, ndefu, mpaka mtoto mchanga aliyekuwa analia nyuma akanyamaza kumsikiliza.

Walisoma majina saa kumi jioni. La kwanza, yule mvulana. La pili, msichana nisiyemjua. La tatu lilikuwa la kwetu.

Jamani, kilichonipata sijui. Mama yake alilia. Watu walipiga makofi. Mimi nikasahau umri, nikasahau heshima, nikasahau miaka hamsini na moja ya kujichunga, nikatia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi kwa nguvu zangu zote.

Mluzi ulitoka. Na pleti nayo ikatoka. Niliiona inaruka juu ya vichwa vya safu mbili, ikagonga sakafu ya jukwaa, ikasota, ikasimama kwenye kiatu cha mwalimu wa bendi. Akainama. Akaiokota. Akaiinua kwenye mwanga.

"Hili," akauliza ukumbi mzima, "ni la nani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameishika vibaya, kwa ncha, na ile pleti nimeichonga mwenyewe kwa wiki mbili.

"La kwangu!" nikasema, pengo wazi, mbele ya watu mia tatu. "Na shika vizuri, utaivunja!"

Mwalimu asiyecheka alicheka mpaka akashika meza. Binti yangu alinigeukia mdomo wazi, machozi yamekwama njiani. "Mama? Mama, hilo jino..." Na juu jukwaani Kasuku alikuwa ameketi sakafuni, tarumbeta mapajani, anajipigapiga magoti, anapiga kelele: "Sikusema! Bibi, siku tano nzima, mimi sikusema!"

Ni kweli, hakusema. Siri ameiweka kasuku, fundi ndiye aliyeimwaga.

Jumapili hatukulala mchana. Kasuku alinikalisha kwenye kiti changu cha wateja, akanifunga taulo shingoni, akakoroga uji wa waridi. Aliukoroga vibaya, una mabonge, nikamwambia, akasema mgonjwa anyamaze. Kumbe dakika tatu ni ndefu hivyo! Udenda ulinichuruzika mpaka kwenye kidevu naye akafurahi kupita kiasi. Plasta akaimimina mwenyewe, akaigonga mezani kutoa mapovu, na ilipokaza akaitoa, akaigeuza huku na huku chini ya taa. Meno yangu ya miaka sitini na saba, na pale mbele, pengo.

Akachukua msumari wa kukwangulia, akageuza kitako. Akaandika "Bibi". Kisha akasita.

"Umri niandike upi?"

"Wangu."

Akapitisha kidole kwenye pengo, polepole, kama alivyokuwa amepitisha kwenye ufizi wake Jumatatu. "Lakini hili lina miaka kumi na sita," akasema.

Nikajikuta macho yananiwasha, nikalaumu vumbi.

"Andika yote mawili," nikamwambia.

Akaandika, akapuliza unga, akapanda kwenye kigoda na kuyaweka kwenye rafu ya katikati, kando ya yake ya mwaka huu. Halafu akashuka, akachukua tarumbeta, na jirani akafunga dirisha.